Mgonjwa wa Bandani

Maradhi hayana adabu. Ukiyafungia chumbani yatagonga mlango, ukiyafunika blanketi yatakohoa, na ukijikaza kuyanyamazia, atatokea mwingine wa kuyalilia kwa sauti mpaka majirani waulize kulikoni. Ndiyo maana wazee wetu wakatuachia neno kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Maana yake haihitaji miwani: anayeficha kinachomsibu huja akaaibika mbele za watu, tena siku ambayo hakuichagua yeye. Wengi hudhani methali hii ni ya hospitali na vitanda peke yake. Hao hawajasikia habari za Mwalimu na baiskeli yake.

Mwalimu alikuwa amestaafu kazi, lakini jina lilikataa kustaafu. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia wauza mboga wa kona mpaka watu wenye mvi zao aliowafundisha kushika kalamu. Enzi zake darasani kulikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Mwanafunzi aliyekuja mwenyewe kusema amekosa alisamehewa papo hapo, hata awe amevunja nini. Aliyeficha kosa mpaka likagunduliwa alifagia uwanja wa shule wiki nzima, peke yake, huku wenzake wakimchungulia madirishani. Mwalimu alikuwa akisema kwamba kosa likifichwa linazaa, na alilisema mara nyingi hata wazazi wakawa wanawaambia watoto wao vivyo hivyo bila kujua neno limetoka kwa nani.

Baiskeli yake ilikuwa ya chuma, nyeusi, nzito, yenye keria pana nyuma na kengele ambayo watu waliitambua kabla hajakata kona. Aliipata alipoanza kazi, miaka miwili kabla ya kuoa. Kwa sababu hiyo mkewe, siku ya kwanza tu kuingia nyumbani, aliipa jina la Bi Mkubwa. "Kanitangulia humu ndani," aliwaambia wageni huku akiitupia baiskeli jicho la pembe. "Mimi ni bi mdogo tu, nimekaribishwa." Mwalimu akichelewa chai kwa kuipaka cheni mafuta, mkewe alimwuliza kama Bi Mkubwa amekwisha kunywa yake. Akinunua kitambaa kipya cha kufutia vumbi, aliulizwa mbona zawadi zinaelekea upande mmoja.

Maneno yalikuwa hayo, lakini kila Jumamosi asubuhi yule mama alijifunga kilemba, akakaa upande juu ya keria, akamshika mumewe kiunoni, na safari ikaanza ya kwenda kumwona dada yake aliyeishi ng'ambo ya mji, baada ya mteremko wa daraja. Miaka arobaini na mmoja safari hiyo ilisimamishwa na mvua kubwa na uzazi tu. Njiani alimsimulia mumewe habari za wiki nzima mgongoni kwake, naye Mwalimu aliitikia kwa kupiga kengele mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa siyo.

Mwaka uliotangulia kisa hiki, Mwalimu aliteleza kwenye kokoto akachubuka kiwiko. Binti yao wa kwanza, ambaye ni muuguzi, alikuja siku hiyohiyo na bandeji na maneno, na maneno yalikuwa mengi kuliko bandeji. Alimtaka baba yake aahidi mbele ya wote. Tairi na breki zitatengenezwa, sawa, lakini siku fremu yenyewe ikipata ubovu, hakuna cha fundi wala cha nini, baiskeli itapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na Baba atatembea kama wazee wenzake. Mwalimu aliahidi bila kusita. Aliona anaahidi jambo lisilowezekana, maana chuma kile alikiamini kuliko magoti yake.

Basi siku moja alikwenda kukaza breki bandani kwa Fundi Spoki. Fundi huyu, mrefu na mwembamba kama jina lake, aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Akiwa darasa la nne alivunja kioo cha ofisi kwa mpira, akaenda mwenyewe kukiri, akasamehewa, na tangu hapo akamheshimu Mwalimu kupita kiasi. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi: hagusi spana kabla hajaifuta baiskeli yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, juu mpaka chini, kwa sababu, alisema, uchafu ni nguo na mgonjwa hapimwi akiwa na nguo zake zote. Siku ile kitambaa kilipofika pale bomba la chini linapoungana na shingo ya usukani, mkono wake ukasimama. Alirudia kufuta. Akagonga kidogo kwa kichwa cha spana, akasikiliza.

"Mwalimu, huu ni ufa," alisema.

Ulikuwa mdogo, mwembamba kuliko uzi, na kutu kidogo imejichora pembeni yake. Fundi alieleza kwamba dawa yake ipo na si ngumu. Atachoma rangi, atatoboa kitundu kidogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, kisha ataujaza shaba. Ni kazi ya nusu siku. Mwalimu alikuwa na swali moja tu, kama rangi itarudi ilivyokuwa. Fundi alicheka, akasema rangi mpya na rangi ya miaka arobaini hazifanani hata zikiwa nyeusi zote mbili. Hapo ndipo shetani alipoingia. Rangi mpya itaonekana nyumbani, mkewe ataona, binti atasikia, na ahadi itadaiwa. Mwalimu alifuta miwani yake, akasema tusubiri kwanza tuone.

Fundi Spoki hakupenda. Alichukua msumari akachora alama mbili ndogo, moja kila mwisho wa ufa. "Ukipita alama hizi hata kwa unywele, Mwalimu, mama asipande. Hilo naomba tuelewane." Mwalimu aliitikia, kisha akamtaka fundi naye aahidi kwamba habari hii haitatoka pale bandani. Fundi aliahidi shingo upande, kwani angemwambia nini mtu aliyemsamehe kioo?

Nyumbani Mwalimu alikata ukanda wa tyubu ya zamani, akauzungusha juu ya ufa, akamwambia mkewe ni wa kuzuia mikwaruzo. Kisha, kwa kuwa ualimu haumtoki mtu, akafungua daftari. Kila asubuhi alijifungia katika kibanda cha nyuma ya nyumba, akaufungua ukanda, akavaa miwani, akapima kwa rula ya shule na kuandika matokeo kwa wino mwekundu. Na kwa kuwa alijiona mjanja, hakuandika neno baiskeli wala neno ufa popote. Aliandika "mgonjwa". Daftari likianguka mikononi mwa mtu, alijisemea, nani atajua? Ujanja huo ndio uliokuja kumtia kitanzi.

Jumamosi ya kwanza alimbeba mkewe kama kawaida, kwa kuwa alama zilikuwa hazijapitwa. Lakini hakuwa na raha. Alikwepa kila shimo, akashuka kwenye mteremko wa daraja akaikokota, jasho likimtoka na jua halijawaka. Mkewe akamwuliza tangu lini amebeba mayai. Mwalimu alipiga kengele mara moja, kisha akakumbuka kwamba hilo halikuwa swali la ndiyo wala siyo.

Ijumaa iliyofuata ufa ulikuwa umepita alama ya chini kwa upana wa ukucha. Mwalimu alikaa juu ya debe mle kibandani akautazama. Kusema kweli aliogopa, na hakuogopa kuanguka. Kwa miguu alikuwa mzee wa miaka sabini na kidogo, anayepishwa njia na watu wanaomhurumia. Juu ya baiskeli, na mkewe nyuma akimsimulia ya dunia, alikuwa bado yule kijana aliyempeleka bi harusi nyumbani. Angeutoaje mdomoni mwake mwenyewe ujumbe wa kumwua kijana huyo? Akaufunga ukanda, akaandika daftarini, akarudi ndani akichechemea, na kumwambia mkewe kwamba kesho hawatakwenda kwa baiskeli kwa sababu goti la kulia linauma.

Uongo una gharama zake, na gharama ya huu ilikuwa chupa ya dawa ya kuchua. Mama yule alimpenda mumewe kwa vitendo. Kila jioni alichemsha maji, akalikanda goti lile zima lisilo na ubaya wowote, kisha akalichua kwa dawa kali mpaka machozi yakamtoka mgonjwa wa uongo. Kadiri alivyotoa machozi ndivyo mkewe alivyoamini kwamba maumivu ni makubwa, na ndivyo alivyoongeza dawa. Jumamosi walichapa lapa mpaka kwa dada mtu, Mwalimu akichechemea mguu wa kulia kwenda na, kwa kusahau, wa kushoto kurudi.

Mkewe aliliona hilo la miguu miwili. Aliona pia kwamba mumewe hamalizi sahani yake, kwamba anatazama ukuta, na kwamba kila asubuhi anajifungia kibandani na kutoka na uso wa msiba. Wanawake wa namna yake hawaulizi mpaka wawe na ushahidi. Ushahidi ukaja siku ya kufua, katika mfuko wa koti. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akasoma:

"Jumatatu: mgonjwa ametulia. Jumatano: hali ni ileile, namshukuru Mungu. Ijumaa: mgonjwa amezidi. Mtaalamu alisema ikifika hapa hakuna tena mchezo. Jumapili: amezidi tena. Sidhani atamaliza mwaka. Mama watoto asijue."

Alilirudisha daftari mfukoni, akalianika koti bila kulifua, akaingia ndani kumpigia simu binti yake.

Jumapili iliyofuata, mchana, Mwalimu alikuwa barazani akisoma gazeti la juzi alipoona wanawe wote watatu wanaingia kwa mpigo, muuguzi mbele, wadogo zake wawili wa kiume nyuma, na mjukuu wa kike wa miaka sita ameshika sketi ya mama yake. Hakuna aliyetabasamu. Walimwamkia kwa sauti za chini, wakakaa. Mwanawe wa mwisho, ambaye hakuwahi kumwachia baba yake kiti kizuri maishani, siku hiyo alimwekea mto mgongoni. Muuguzi alifungua mkoba akatoa mashine ya kupimia presha, akamfunga baba yake mkono bila kuomba ruhusa. Akasoma. Akapima tena. Presha ilikuwa ya kijana.

"Baba," alisema taratibu, "si lazima utuambie yote leo. Lakini tuambie uko hatua gani."

Mwalimu aliuliza hatua ya nini. Binti akamtazama mama yake, na mama yule, aliyekuwa amejikaza kisabuni tangu asubuhi, akiteleka chai na kuwapa watu vikombe visivyo na chai ndani, hakuweza tena. Alitoa kilio kilichopita ukuta. Alilia kwa sauti yote aliyokuwa nayo, akauliza ataachiwa nani, ni nani atamwitikia kwa kengele, na kwa nini mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na mmoja aende kumwambia daftari jambo la kufa lakini yeye asimwambie. Jirani wa ukuta mmoja aliingia mbio na upawa mkononi akiuliza nani amekufa. Wale vijana wawili, wenye ndevu zao, wakaanza kufuta macho. Mjukuu naye akaangua kilio kwa kuwa wote wanalia.

Mwalimu alisimama katikati ya kilio chake mwenyewe, mzima wa afya. Ndipo alipoelewa. Angeweza bado kudanganya. Angesema daftari ni la hadithi anayoitunga, wangefuta machozi wakanywa chai. Nusura aseme. Lakini alimtazama mkewe, kilemba kimelegea, mikono iliyomchua goti imelala mapajani, na akaona kwamba hata ufa wenyewe haukuwa mbaya kama kitu alichomfanyia mwanamke huyu. Akamshika mkono.

"Twende kibandani," alisema. "Wote. Mgonjwa yuko huko."

Walifuatana kama watu wanaokwenda kuaga, jirani na upawa wake nyuma kabisa. Mwalimu aliinama, akaufungua ukanda wa tyubu mzunguko kwa mzunguko, akasogea pembeni. Ufa ulikuwa sasa urefu wa kidole, umekumbatia nusu ya bomba. Watu walitazama, wakatazamana. Mjukuu alisogea karibu, akauchungulia, akamgeukia babu yake na kumwuliza kama ndiyo itazikwa.

Aliyeanza kucheka ni jirani. Kisha vijana, kisha muuguzi aliyekuwa bado ameshika mashine ya presha, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mkewe Mwalimu hakucheka. Alisubiri wamalize.

"Goti je?" aliuliza.

"Zima," Mwalimu alijibu.

"Nimekuchua siku tisa."

"Najua. Kila siku nilitaka kusema."

"Na Jumamosi ile ya kwanza, ulipokwenda kama umebeba mayai, ulikuwa umejua."

Alikiri kwamba alijua. Akamweleza yote pale pale mbele ya watoto, ahadi, alama za msumari na hofu yake. Alisema waziwazi kwamba aliogopa kuwa mzee. "Nikiwa juu yake, na wewe nyuma yangu, bado mimi ni yule," alisema.

Muuguzi alikohoa kidogo. Hakutaka kuwa mkatili, lakini ahadi ni ahadi, na fremu ndiyo hiyo imepasuka. Mama yake alimwinulia mkono kumnyamazisha. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyegombana na Bi Mkubwa kwa miaka yote, kwa hiyo ana haki ya kumsemea. Akamkumbusha, au tuseme akamjulisha, kwamba juu ya keria hilo ndiko uchungu wa kumzaa ulikomzidi, na Mwalimu akapiga pedeli mpaka hospitali huku akilia kuliko mzazi. "Wewe ulikaribia kuzaliwa hapo," alisema akiligonga keria kwa kiganja. "Mgonjwa hapelekwi kaburini kabla hajapelekwa kwa mtaalamu. Mwiteni Spoki."

Fundi Spoki aliletwa na kijana mmojawapo. Alipoona umati mlangoni alijua kwamba siri imevuja, akaanza kwa kuomba radhi kwa mama, kwamba alijua na akanyamaza. Kisha akafuta. Hata siku hiyo, watu wamemzunguka, hakuacha utaratibu wake: juu mpaka chini kwa kitambaa, ndipo akapiga magoti, akagonga, akasikiliza, akapitisha ukucha juu ya ufa. Alirudia kugonga kwa muda ambao Mwalimu aliuona mrefu kuliko mwaka wa shule.

"Siku ile ningeushona tu," alisema hatimaye. "Leo lazima nikate. Nitatoa kipande kilichopasuka, nitaingiza bomba jembamba kwa ndani, nichomelee shaba pande zote mbili. Itakwenda. Itambeba Mwalimu kwa mwendo wa taratibu, njia tambarare." Alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Lakini mama hatapanda tena. Uzito wa watu wawili hapo siwezi kuuapia. Ningeushika siku ile, angepanda mpaka achoke mwenyewe."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwalimu alivua miwani, akaivaa. Wiki tatu alificha ili asiipoteze Jumamosi yake, na kwa kuficha huko ndiko alikoipoteza. Akamwambia fundi asijisumbue. Kama mkewe hatakaa nyuma, chuma hiki ni cha kazi gani? Kipelekwe tu kwa vyuma chakavu kama ilivyoahidiwa. Muuguzi, ambaye mwaka mzima alikuwa akiyangoja maneno hayo, aliyasikia na hayakumfurahisha hata kidogo. Alitazama chini akichezea waya wa mashine yake.

Mkewe alifunga kilemba chake upya, polepole, kama anayejiandaa kwa safari.

"Itengenezwe," alisema. "Utaikokota wewe, mimi nitatembea kando, mkoba wangu ukae kwenye keria. Miaka arobaini na mmoja ninasimulia mgongo wako. Acha na mimi niuone uso."

Mwalimu alinyoosha mkono akapiga kengele mara moja.

Lakini kesi haikuwa imekwisha. Mama yule alimgeukia Fundi Spoki, mwanafunzi wa zamani, akamwomba akumbushe jamaa adhabu ya aliyeficha kosa mpaka likagunduliwa ilikuwa ipi. Fundi alijiumauma, akatazama chini, heshima ikipigana na kicheko, lakini mwishowe aliitaja. Basi wiki nzima wakati baiskeli ikiwa kwa fundi, mtaa ulimwona Mwalimu akifagia uwanja wa nyumba kila asubuhi, mjukuu amekaa kwenye kigoda akimwonesha majani yaliyobaki. Waliopita walimwuliza amefanya nini. Alijibu ukweli kila mara, na kila aliposema alijisikia mwepesi zaidi.

Baiskeli ilirudi Ijumaa. Pale palipokuwa na ufa sasa palikuwa na rangi nyeusi inayong'aa kuliko mahali pengine pote, kipande cha urefu wa shubiri, na Fundi Spoki hakujaribu kukififisha. Mwalimu naye hakukifunga kitu. Kesho yake asubuhi mkewe aliweka mkoba juu ya keria, wakaanza safari, yeye akikokota, mkewe kando akisimulia. Ilikuwa kweli alivyosema mama yule, habari ziliingia vizuri zaidi uso kwa uso. Na ilikuwa kweli pia kwamba kiuno chake Mwalimu kilikuwa wazi bila ile mikono, na kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama keria kama mtu aliyesahau kitu. Aliikosa mikono ile, na mkewe aliona kwamba ameikosa.

Walipofika kwenye mteremko wa daraja, goti la kulia likachoma. Safari hii lilichoma kweli, kwa ndani, kama sindano. Mwalimu aliuma meno akaendelea hatua mbili, tatu. Mdomo ulikuwa tayari kusema mambo ni shwari. Kisha akaliona lile doa jeusi jipya likimng'aria chini ya usukani.

"Mama watoto," alisema, "goti linauma. La kweli."

Mkewe alimtazama usoni, akachunguza, akaridhika. Aliisimamisha baiskeli kwa stendi yake, akamkalisha mumewe juu ya ukingo wa daraja, akafungua mkoba na kutoa chupa ya dawa ya kuchua, kwani alikuwa ameibeba. Na pale, asubuhi kweupe, watu wakipita na wengine wakimsalimu Mwalimu wao, alimkunjia suruali akaanza kulichua goti, naye hakuficha machozi wala sababu yake, kwa maana sasa alijua bila kufundishwa na mtu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.